Nyasi za Ng'ombe, Mchwa wa Kuku: Risala ya Wakata Nyasi wa Haneti

Mgeni rasmi, Bwana Mohsin wa Mkonze, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mnunuzi wa nyasi zetu,
Mwenyekiti wetu, Mzee Ebenezer,
Wanachama wenzetu na majirani mliofika,

Mbukwenyi, na asalaam alaikum.

KARIBU HANETI

Tunakukaribisha mbele ya ghala jipya. Saruji, nondo na mabati yake umeyatoa wewe. Mawe, mchanga, maji na mikono tumetoa sisi. Ratiba uliyopewa inasema kwamba baada ya risala utakata utepe, kisha utamwaga ndoo ya kwanza ya dawa ya mchwa kwenye mtaro uliochimbwa kuzunguka msingi. Mtaro upo na ndoo ipo. Mapipa ya dawa uliyotuletea yako pale chini ya turubai, na hayajafunguliwa isipokuwa moja. Kwa nini moja limefunguliwa, tutaeleza. Tunakuomba usikilize hadi mwisho kabla hujainuka kwenye kiti, maana risala hii ina ombi linalogusa ratiba hiyo.

Anayeisoma ni katibu wetu, Athuman. Maneno ni ya kikao, si yake, na mahali pengine, kama utakavyosikia, hayamsifu. Kikao kilimpa nafasi ya kukataa kuisoma. Akasema kazi ya katibu ni kusoma.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza baada ya kiangazi kilichotumalizia ng'ombe. Kabla ya hapo nyasi za mbugani zilikuwa mali ya moto. Mvua ikikatika zilisimama hadi zikawa nyeupe, mtu mmoja akaangusha njiti ya kiberiti, na ng'ombe wakabaki kunusa majivu. Tulipojifunza kuzikata zikiwa ndiyo kwanza zinachanua, kuzianika, kuzigeuza na kuzifunga marobota kwa sanduku la mbao, tulijifunza pia mambo tuliyokuwa hatuyajui juu ya wanyama tuliozaliwa nao. Ng'ombe akipewa robota hula majani kwanza na kuacha vijiti, kama mtoto anayechagua nyama kwenye mchuzi. Mbuzi hagusi nyasi iliyokanyagwa, hata kama aliyeikanyaga ni yeye mwenyewe. Afadhali ale maganda ya mgunga. Punda hula kila kitu, na wa Mzee Ebenezer anajua kufungua komeo la mlango.

Kati ya waanzilishi alikuwemo Kuluthumu, ambaye hana ng'ombe. Alikuja Haneti kwa ndoa kutoka upande wa Kondoa, mume akafariki, yeye akabaki na nyumba na kuku. Watu walimuuliza mwenye kuku anatafuta nini kwa wakata nyasi. Alijibu kwamba anatafuta wanachoacha ng'ombe. Makubaliano yakawa hivyo: atakata, atageuza na atafunga kama mwanachama mwingine yeyote, na fungu lake litakuwa masazo yanayofagiwa sakafuni mwa ghala.

Masazo hayo hakuwapa kuku, kwa kuwa kuku hali nyasi kavu. Aliwapa mchwa.

Kwa kuwa huenda hujawahi kuiona kazi hiyo, tunaieleza. Jioni Kuluthumu huchukua vyungu vilivyopasuka na kuvijaza masazo ya nyasi, vigunzi vya mahindi na mavi ya ng'ombe. Huvinyunyizia maji, kisha huvifudikiza juu ya njia za mchwa, kwenye vichuguu vilivyo nyuma ya ghala. Asubuhi, jua likiwa bado pole, huinua chungu kimoja kimoja na kukikung'uta mbele ya vifaranga. Mchwa hukimbia, vifaranga hukimbia zaidi, na shughuli huisha upesi kuliko inavyoelezwa.

Kiangazi cha huku hakina panzi wala viwavi. Kifaranga asiyepata mdudu huota manyoya bila kuota mwili, na baridi ya Julai humchukua. Kuluthumu peke yake ndiye aliyekuwa na vifaranga wanaokua wakati wa wengine wanakufa. Hilo lilimpa heshima, na pia lilimpa maneno ya watu. Athuman, ambaye sauti yake ndiyo unayoisikia, alimuuliza siku moja mbele ya wote tukiwa tunageuza nyasi: "Shangazi, hivi wewe unafuga kuku au unafuga mchwa?"

Kuluthumu hakuacha uma wake. "Wote," alisema. "Ila mmoja nampikia mwenziwe."

TULIYOYAPATA

Mafanikio yetu makubwa ni wewe. Tangu ulipochukua shehena ya kwanza, nyasi za Haneti zimekuwa zikienda Mkonze kila kiangazi, na umetuambia mwenyewe kwamba ng'ombe wako hawakaukiwi tena maziwa kama zamani. Kwa soko hilo watoto wetu wamesoma, na mbuga yetu ina walinzi wa moto tunaowalipa wenyewe. Hatutaki kurefusha sehemu hii. Mambo haya unayajua, na mengine umeyafanya wewe.

Lipo moja tu usilolijua. Ulipotutembelea mara ya kwanza ulipikiwa kuku nyumbani kwa mwenyekiti. Ulimsifu kuku huyo kabla hujanawa mikono, ukauliza analishwa nini. Mzee Ebenezer alikujibu, "Pumba na mtama, Bwana Mohsin."

Jibu hilo halikuwa sahihi. Huku kwetu mgeni hatajiwi alichokula kuku aliyechinjiwa, maana kuku hana adabu katika kuchagua, na mwenyekiti alifuata adabu badala ya ukweli. Wewe uliondoka na jogoo na mitetea hai kwenye tenga. Ukawalisha pumba na mtama kule Mkonze, kama ulivyoambiwa, na baadaye ukamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba wamenenepa sana lakini ladha imebaki Haneti. Kuluthumu aliposomewa ujumbe huo alicheka hadi akakaa chini. "Maskini kuku wangu," alisema. "Wanashiba huku wana njaa."

Leo tunasahihisha. Kuku uliyemsifu alikuwa wa Kuluthumu, na alikuzwa kwa mchwa.

YALIYOTUSHINDA

Mwaka mmoja ulirudisha marobota. Dereva wako aliyashusha palepale alipoyapakia, na maelezo yake yalikuwa mafupi: ng'ombe wameyanusa, wakageuza shingo. Tulipokata kamba tulikuta ndani vijia vya udongo vilivyopita kila upande, na nyasi iliyobaki ilikuwa maganda matupu. Kwa nje robota lilikuwa zima.

Kikao cha siku ile hakikutafuta sababu kwa muda mrefu, kwa kuwa sababu ilikuwa imekaa nasi kwenye benchi. Athuman alisema mtu anayewaalika mchwa kila jioni kwa chakula na maji hawezi kushangaa wakija. Wengi tuliitikia. Kuluthumu alingoja kelele zipungue, akauliza kama kuna aliyewaona mchwa wakitoka kwenye vyungu vyake kuingia ghalani. Hakuna aliyewaona. Akauliza kama kuna aliyekwenda kutazama. Hakuna aliyekwenda. Hata hivyo tuliamua avitoe, na jioni ileile alivitoa. Alivipanga kando ya ukuta wa nyumba yake vikiwa vimeangalia juu, kama vyungu vya mpishi aliyesafiri.

Kiangazi kile vifaranga wake walikufa. Aliwapa pumba, aliwapa mashudu ya alizeti alipoyapata, alikwenda hadi makorongoni kupindua magogo akitafuta wadudu. Alijaribu kuwagawia vifaranga wadudu wachache aliowapata akianza na vifaranga wadogo, kisha akaona kwamba anawachelewesha wote, akaanza na wakubwa. Hakuja kutulalamikia. Tulijua kwa sababu sauti za asubuhi nyuma ya ghala zilikatika.

Mchwa hawakukatika. Mwaka ule walikula zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Hatusemi kwamba vyungu vilikuwa vinatukinga. Huenda vilipunguza mchwa, huenda havikupunguza. Hatukupima, na hatupendi kukuambia tusichokipima. Tunakuambia tulichokiona tulipotoa marobota yote hatimaye na kufika sakafuni.

Sakafuni palikuwa na mabua ya mtama. Tuliyatandika sisi. Wazee wetu walitandika mabua juu ya paa bapa la tembe, au juu ya kichanja cha miti, wakalaza nyasi juu yake, na hewa ikapita chini. Hakuna kati yetu aliyefundishwa kuweka nyasi bila mabua. Kwetu ni kama kumlaza mgeni bila mkeka. Tulipopata ghala lenye sakafu tulitandika vilevile, bila kukumbuka kwamba chini ya mabua ya paa kuna hewa na moshi wa jikoni, na chini ya mabua ya sakafu kuna ardhi. Mchwa walipanda kwenye nyufa, wakayala mabua, yalipokwisha wakaendelea na nyasi. Nyufa zile zilikuwa upande wa mlango. Vyungu vya Kuluthumu vilikuwa upande wa nyuma, na kwenye ukuta wa nyuma hatukuona kijia hata kimoja.

Tulimwita, tukamwonyesha. Alitazama mabua yale, akayasukuma kwa mguu. Mzee Ebenezer alimwambia anaweza kurudisha vyungu vyake. Akasema atavirudisha akipata vifaranga wa kuwawekea.

Aliwapata, wachache, kwa mitetea aliyoazimwa na ndugu zake wa Kondoa. Lakini wakati huo na wewe ulikuwa umeshaamua. Ulitujulisha kwamba utatujengea ghala bora, na kwamba hutanunua tena robota kutoka ghala ambalo ardhi yake haijawekwa dawa. Tuliona ni haki yako. Mapipa yakaja.

Meshack, mwanachama wetu, alifungua pipa moja na kuchota dawa kidogo kwenye kopo, akaimwaga chini ya mhimili wa mlango wa nyumba yake ambao mchwa walikuwa wameuanza. Dawa ilifanya kazi. Mchwa walitoka nje wakiyumba, kuku wa Meshack wakaona chakula kisichokimbia, wakakila. Hadi adhuhuri Meshack alikuwa amebaki na banda. Alipoulizwa alisema tu kwamba mlango sasa ni salama.

Kuluthumu alizisikia habari hizo kisimani. Ghala hili jipya liko ubavuni mwa lile la zamani, na vichuguu vyake viko nyuma ya yote mawili, hatua chache kutoka kwenye mtaro, na mchwa hawajui mpaka wa kiwanja. Alikuja kikaoni akakaa karibu na mlango. Tulidhani ataomba. Hakuomba. Alisema: "Ghala ni lenu na mnunuzi ni wenu. Mkimwaga, mwageni. Ila mniambie siku moja kabla, niwachinje wangu wakiwa bado wanalika."

Athuman alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika. Aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko hii anayosomea, kama hakuna njia nyingine ya kumzuia mchwa asifikie nyasi.

Njia ipo, na haikuhitaji kuvumbuliwa. Ni kichanja kilekile cha wazee, kikiingizwa ndani ya ghala bila mabua. Kiangazi kilichopita tulikijenga kwenye ghala la zamani. Miguu yake imesimama ndani ya makopo ya oili chafu, na hakigusi ukuta wowote. Tuliweka nusu ya marobota juu yake. Nusu nyingine tuliiacha sakafuni makusudi, tusije tukajidanganya.

Mchwa ni mvumilivu. Huweza kujenga kijia chake hadi juu ya mafuta vumbi likishaingia koponi. Kwa hiyo miguu ya kichanja lazima ikaguliwe kila asubuhi na kijia chochote kikwanguliwe. Tulijadili nani apewe kazi hiyo. Athuman akasema hakuna atakayewatafuta mchwa kwa bidii kuliko mtu mwenye vifaranga wanaolia nje. Kuluthumu alimtazama. "Leo umenipikia wewe," alisema, na kazi akaichukua. Kila asubuhi huingia na kibanzi cha mti na kopo tupu, hukwangua anachokikuta, hukagua makopo ya oili, kisha hutoka nyuma kwenye vyungu vyake. Anachokusanya ghalani na anachokusanya nje huishia mahali pamoja.

Marobota ya sakafuni yameliwa. Ya kwenye kichanja ni mazima, na baada ya chakula unaweza kukata kamba za lolote utakalolichagua. Hicho ni kiangazi kimoja. Cha pili hatujakiona na hatuwezi kukuahidi.

Wapo wanachama wanaoona dawa ndiyo yenye uhakika. Wanasema kichanja kinamtegemea mtu aamke, aone vizuri, asiugue, asiende msibani; dawa haimtegemei mtu. Walitaka hoja yao isomwe mbele yako. Ni hoja nzito, na imesomwa.

TUNACHOKUOMBA

Bwana Mohsin, tunakuomba uyarudishe mapipa yalikotoka na mtaro ufukiwe. Badala ya dawa, tusaidie mabomba chakavu ya chuma kwa ajili ya miguu ya kichanja cha ghala hili, maana miti ya kwetu nayo ni chakula cha mchwa na kila baada ya misimu michache itabidi ibadilishwe. Tunakuomba ununue nyasi za kwenye kichanja kwa kiangazi kimoja cha majaribio. Kabla ya kupakia, mtu wako afungue marobota atakayoyachagua yeye. Akikuta kijia cha udongo ndani ya moja, gari liondoke tupu na hasara iwe yetu. Na ukaguzi wa miguu uendelee kuwa wa Kuluthumu, naye afunze mwingine, ili wale waliotaka dawa wapate jibu kwa siku atakayougua.

Hatujakuficha kwamba katika ombi hili kuna faida ya mwenzetu mmoja na hatari ya wengi. Soko tunalo moja. Kuku ni wa mtu mmoja, na ardhi ile ya nyuma ndiyo ghala lake la chakula kama hili lilivyo la ng'ombe wako. Tumelipima jambo hili kwa muda mrefu kuliko tulivyompima yeye siku ile ya benchi.

Ukikataa, tutamwaga. Tunalihitaji soko lako na hatutajifanya hatulihitaji. Hapo tutakuwa na ombi moja tu: iwe kesho, si leo, kwa sababu aliyoisema Kuluthumu.

Utaona kwamba mchana umepikiwa mbuzi. Tunajua ulitazamia kuku, na dereva wako ametuuliza. Haikuwa kupungua kwa heshima. Kuku waliopo ni mitetea ya mbegu na vifaranga wao, na hatukutaka kuwachinja kabla hatujasikia jibu lako.

Jana jioni Kuluthumu alifudikiza chungu kimoja nyuma ya ghala hili. Amesimama pale kando yake sasa hivi; hakuja kukaa nasi, kwa kuwa mchwa hawangoji hotuba, jua likikaza hushuka ardhini. Vifaranga wako kwenye tenga na hawajala tangu kulipopambazuka. Ndoo iko kulia kwako. Chungu kiko nyuma. Ukishakata utepe, tunakuomba uanze na chungu. Kiinue kwa mikono miwili, ukigeuze, ukikung'ute mara moja, kisha urudi nyuma haraka, maana vifaranga wale hawatazami ni mguu wa nani.

Halafu utuambie kama ndoo bado unaitaka.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na kiangazi kisichozidi kipimo. Ng'ombe wako washibe na maziwa yao yasikatike. Asiyekuwa na ng'ombe naye asikose cha kuokota nyuma yao. Ukirudi Mkonze ufike salama, na uje tena kwetu ukiwa na njaa.

Ni sisi,
Umoja wa Wakata Nyasi wa Haneti